Baada ya Kuruhusiwa: Hospitali ya Wilaya na Mtu Aliyetibiwa Saratani

Mama wa miaka 46, mkulima wa korosho katika wilaya moja ya kusini mwa Tanzania, amemaliza matibabu ya saratani ya mlango wa kizazi jijini Dar es Salaam. Alipata mionzi ya nje kwa wiki tano, kisha mionzi ya ndani, na katika wiki hizo alitundikiwa pia dripu za tibakemikali. Akarudi nyumbani, akanawiri kidogo, akashika jembe tena. Mwezi wa 14 anaona damu kwenye haja kubwa. Hamwambii mtu kwa siku tisa. Siku ya kumi binti yake anaiona kanga iliyolowekwa, na jioni hiyohiyo ndugu wanakutana. Shemeji mmoja anataka apelekwe kwa mganga wa kienyeji. Kaka yake anahesabu korosho zilizobaki stoo ili zipatikane nauli za watu wawili. Mume amenyamaza. Wote wamekwisha kuamua kwamba ugonjwa umerudi.

Kesho yake wanafika hospitali ya wilaya. Tabibu wa zamu anauliza aina ya matibabu aliyopata, mama anajibu, "Nilichomwa." Karatasi alizopewa siku ya kuruhusiwa ziliharibika kwa mvua. Tabibu hana daftari lenye jina lake, wala hajawahi kufundishwa hali ya mtu huwaje baada ya mionzi. Anafanya analoliona kuwa salama: anaandika rufaa ya kurudi Dar es Salaam.

Mama huyu ni mfano tu, lakini hakuna sehemu ya kisa chake ambayo ni ngeni kwa wahudumu wa afya wa wilayani. Na jambo la kwanza la kusema juu yake ni kwamba huenda saratani haikurudi kabisa. Mionzi inayoelekezwa kwenye mlango wa kizazi haiwezi kukwepa kabisa njia ya haja kubwa iliyo nyuma yake wala kibofu kilicho mbele. Miezi kadhaa baada ya tiba, mara nyingi ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo, utando wa njia ya haja kubwa hujaa vimishipa vyembamba vya damu vinavyopasuka kwa urahisi, hasa mtu anapopata choo kigumu. Damu hiyo hutisha, lakini kwa wagonjwa wengi ni kidogo na hutulia kwa matunzo ya kawaida: kulainisha choo, kupima wingi wa damu mwilini, kutoa madini ya chuma iwapo damu imepungua, na kumwona mgonjwa tena baada ya wiki chache. Yote hayo yanawezekana hospitali ya wilaya.

Haina maana kwamba damu ipuuzwe. Mgonjwa achunguzwe kwa mkono na kwa kifaa cha kupanulia uke, aulizwe kuhusu bawasiri na kuhara damu, na kama damu ni nyingi au kuna uvimbe unaoshikika, rufaa ni halali. Tahadhari moja inafaa kukumbukwa na kila daktari: ukuta wa mbele wa njia ya haja kubwa uliopigwa mionzi haupaswi kukatwa kipande cha kupima bila sababu nzito, kwa maana kidonda hicho huweza kukataa kupona na kuwa tundu la fistula. Vivyo hivyo damu kwenye mkojo inaweza kuwa matokeo ya mionzi hata baada ya miaka mingi, ingawa kwa mkazi wa kandokando ya ziwa au mwenye kulima majaruba ya mpunga, kichocho kinabaki kuwa jambo la kwanza la kupima.

Zipo dalili ambazo hazisubiri. Mguu mmoja kuvimba, maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi unyayoni na kumwamsha mtu usiku, mkojo kupungua, au kutokwa upya na damu na majimaji yenye harufu ukeni: kila moja ya hizi kwa mwanamke aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi yaweza kumaanisha kwamba ugonjwa umerudi na kubana mishipa, neva au mirija ya mkojo. Kipimo cha ultrasaundi cha figo na kipimo cha damu cha kazi ya figo vinapatikana katika hospitali nyingi za wilaya, na majibu yake ndiyo yanayoipa rufaa uzito. Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili hadi mitatu ya mwanzo. Ndiyo sababu ratiba ya kawaida humtaka mgonjwa aonwe kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka miwili ya mwanzo, kisha kila miezi 6 hadi 12 hadi mwaka wa tano. Kwa anayeishi mbali, kuifuata ratiba hiyo kwa kwenda Dar es Salaam kila mara ni kumtaka auze shamba. Sehemu kubwa ya mahudhurio hayo ni maswali, uchunguzi wa mwili na vipimo vidogo, na hakuna sababu ya kitabibu inayoyazuia kufanyika karibu na nyumbani, mradi kituo kikuu kimeeleza kwa maandishi nini kitazamwe.

Mambo yasiyoulizwa

Mwanamke aliyepata mionzi ya nyonga hukabiliwa pia na jambo ambalo hatalisema mwenyewe. Uke hukauka, hupungua upana na urefu, na kuta zake huweza kushikana. Tendo la ndoa huwa maumivu, na uchunguzi wa kitabibu wa baadaye huwa mgumu. Njia ya kuzuia hali hii inajulikana: kuanzia takribani wiki nne hadi sita baada ya tiba, vidonda vikishatulia, uke hupanuliwa taratibu kwa kifaa laini kilichopakwa kilainishi, mara mbili au tatu kwa wiki, au kwa tendo la ndoa lenyewe iwapo mwanamke yuko tayari. Akiwa hajafikia ukomo wa hedhi, mionzi hiyo huusitisha uzazi wake na kumletea joto la ghafla, kukosa usingizi na mifupa kudhoofika kabla ya wakati. Kwa aina iliyo ya kawaida zaidi ya saratani ya mlango wa kizazi, dawa za kurudisha homoni hazikatazwi. Ni suala la kujadiliwa na daktari.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko dawa. Muuguzi kijana aliye mbele ya mama wa rika la mzazi wake hawezi kuanza kwa swali la kitanda. Anayeanza kwa "Shikamoo, mama," akauliza habari za watoto na shamba, kisha akasema, "Mama, wengi waliopata tiba kama yako hutuambia kwamba mambo ya chumbani yamekuwa magumu, nawe umeliona hilo?" amefungua mlango bila kumvunjia mtu heshima. Jibu laweza kuwa kimya. Swali likirudiwa ziara inayofuata, mara nyingi kimya hukatika.

Kwa aliyetibiwa saratani ya titi, hatari kubwa ya wilayani huwa kidonge. Saratani nyingi za titi hukua kwa msaada wa homoni ya estrojeni, na mwanamke mwenye aina hiyo hupewa vidonge vya tamoksifeni, kwa kawaida miligramu 20 kila siku kwa miaka isiyopungua 5. Kidonge hiki ni cha zamani, si cha bei kubwa, na kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Akikimeza kwa miaka 5, uwezekano wa kufa kwa saratani hiyo katika miaka 15 ya mwanzo hupungua kwa takribani theluthi moja. Ni dawa chache za saratani zinazoweza kudai hivyo kwa gharama ndogo namna hiyo. Lakini mwanamke anayekimeza haumwi. Titi limeshaondolewa, kidonda kimepona, na kidonge kinamletea joto la ghafla usiku. Siku kilipoisha duka la dawa la wilaya, akaambiwa arudi mwezi ujao. Mwezi ujao akaambiwa hivyohivyo. Mwezi wa tatu hakurudi. Hakuna aliyemtafuta, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba miaka mitatu ya kumeza ilikuwa bado mbele yake.

Hapo mfamasia wa hospitali ya wilaya ana nafasi ambayo daktari bingwa hana. Akijua kwamba katika eneo lake wapo wanawake kumi na wawili wanaotumia tamoksifeni, ataagiza ya watu kumi na wawili. Asipojua, ataagiza kwa kubahatisha au hataagiza. Yapo pia mambo mawili ambayo yeye na matabibu wanapaswa kuyashika. La kwanza, dawa nyingine huivunja nguvu tamoksifeni: rifampisini ya kifua kikuu huipunguza sana katika damu, na fluoksetini ya sonona huzuia ini kuigeuza kuwa dawa kamili. Mgonjwa wa kifua kikuu haachishwi dawa zake kwa ajili hiyo. Daktari wa saratani apigiwe simu ili aamue la kufanya. La pili, mwanamke aliyevuka ukomo wa hedhi akitokwa na damu ukeni wakati anatumia kidonge hiki, achunguzwe mji wa mimba bila kuchelewa.

Kliniki ya uzazi wa mpango nayo inahusika, jambo ambalo husahaulika mno. Sindano na vipandikizi, njia ambazo wanawake wengi wa Tanzania huzichagua, zina homoni na hazimfai mwanamke aliye na saratani ya titi. Hata miaka mitano baada ya kupona, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauzipendekezi isipokuwa pakikosekana njia nyingine inayofaa. Wakati huohuo hatakiwi kushika mimba akiwa anameza tamoksifeni. Kitanzi cha madini ya shaba au kondomu ndizo njia zinazobaki. Swali moja tu, "Umewahi kutibiwa saratani?", likiulizwa kabla ya sindano, linatosha.

Mkono wa upande ulioondolewa tezi za kwapani huweza kuvimba, wakati mwingine miaka baadaye. Zamani wanawake waliambiwa wasibebe kitu kamwe kwa mkono huo. Ushauri huo, kwa mtu anayeteka maji na kutwanga, ulikuwa sawa na kumwambia aache kuishi, na utafiti umeonyesha kwamba mazoezi ya kuongeza uzito kidogo kidogo hayazidishi uvimbe. Cha kuogopwa zaidi ni mchubuko unaoingia wadudu: mkono ukiwa mwekundu, wa moto na wenye maumivu, antibayotiki zianze siku hiyohiyo. Na huko pwani, ambako matende ni ugonjwa unaofahamika, ni vema kutazama kovu la kifuani kabla ya kutaja minyoo.

Ndugu nao

Katika kikao kile cha jioni, kila aliyezungumza alikuwa na hofu yake. Hofu za ndugu zina majibu, na hospitali iliyo karibu ndiyo inayoweza kuyatoa kwa lugha inayoeleweka, mbele ya watu wanaohusika.

Inayoumiza zaidi ni imani kwamba aliyepigwa mionzi hubaki nayo mwilini na kuwadhuru wengine. Wapo bibi waliokatazwa kuwapakata wajukuu. Mionzi ya nje hupita kama mwanga wa taa: ikizimwa, imekwisha. Mionzi ya ndani inayotumika kwa mlango wa kizazi hutolewa mwilini pamoja na kifaa chake kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Saratani yenyewe haiambukizwi kwa sahani, kitanda wala jasho. Bibi anaweza kumbeba mjukuu siku ileile aliyorudi.

Kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, ndugu husikia kwamba inatokana na kirusi cha papiloma kinachopatikana kwa kujamiiana, na nyumba hugeuka baraza la kesi. Nani alikileta? Ukweli ni kwamba watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata kirusi hiki wakati fulani wa maisha na miili yao hukiondoa bila wao kujua. Kinapobaki, saratani huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kujitokeza, na 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu. Hakuna kipimo kinachoweza kusema kilitoka kwa nani wala lini, na muuguzi afanye vema kuyasema haya mume akiwepo. Swali lenye faida ni la binti: je, amechanjwa? Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 dozi moja hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Dada zake watu wazima wanahitaji uchunguzi wa siki, na aliye na VVU anauhitaji zaidi, kwa kuwa hatari yake ya kupata saratani hii ni takribani mara sita ya mwanamke asiye na virusi hivyo.

Mtoto aliyetibiwa saratani ya jicho ana familia ya namna nyingine. Sehemu kubwa ya ugonjwa huo, takribani visa 4 katika kila 10, hutokana na badiliko la vinasaba linaloweza kurithiwa, na mtoto mwenye uvimbe katika macho yote mawili huhesabiwa kuwa nalo. Mdogo wake akizaliwa katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, mkunga anayejua habari za kaka mtu atampeleka kichanga akachunguzwe macho mapema, kabla mboni haijaanza kung'aa weupe. Asiyejua ataandika tu kwamba mtoto ni mzima. Vilevile msichana aliyepona saratani ya damu akiwa mdogo, siku akihudhuria kliniki ya wajawazito, anatakiwa kuulizwa kama alipewa doksorubisini, dawa nyekundu inayoweza kudhoofisha moyo miaka mingi baadaye; ujauzito ni wakati ambao udhaifu huo hujionyesha.

Halafu ziko fedha. Familia nyingi humaliza matibabu zikiwa na deni, ng'ombe wameuzwa, na binti mkubwa ameacha shule ili amuuguze mama. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye mwenye dhamana ya kushughulikia misamaha ya gharama, na wengi hawajui kwamba yupo hadi wanapokuwa wamekwisha kuuza walichonacho. Jina lake na mlango wa ofisi yake vitajwe siku ya kwanza.

Daftari

Hospitali za wilaya zinaweza kudhani kwamba haya yote ni kazi mpya inayohitaji wataalamu wapya. Si kweli. Tangu dawa za kufubaza VVU zilipoanza kutolewa nchini kwa mpango wa taifa mwaka 2004, kliniki za tiba na matunzo zimejifunza namna ya kumhudumia mtu asiyeumwa leo lakini asiyepaswa kupotea: ana kadi anayokaa nayo, jalada lake liko kituoni, tarehe yake ya kurudi inajulikana, na asipofika hupigiwa simu au hutembelewa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. WAVIU washauri hukaa barazani kuwapokea wapya. Ufundi huo wote upo ndani ya uzio uleule anamopita mama wa korosho akiwa hana hata ukurasa mmoja wenye jina lake.

Kinachohitajika kuanza ni daftari la kaunta na muuguzi mmoja mwenye jina. Kila ukurasa uwe na aina ya saratani na hatua yake, tiba iliyotolewa na tarehe ilipomalizika, dawa inayoendelea na mwaka wa kuikomesha, tarehe ya kurudi, na namba mbili za simu, ya mgonjwa na ya ndugu aliyemchagua mwenyewe. Aulizwe pia nani asiambiwe, kwa kuwa wapo wasiotaka kijiji kijue. Namba ya kliniki ya kituo kikuu iandikwe kwenye jalada la mbele. Wagonjwa wenyewe wasingoje daftari hilo: karatasi ya kuruhusiwa ipigwe picha kwa simu, picha itumwe kwa mtoto au ndugu, na karatasi yenyewe ikae ndani ya mfuko wa plastiki usioingia maji. Kabla ya kutoka hospitali kubwa, mgonjwa ana haki ya kuuliza maswali mawili: "Nini nikikiona nirudi upesi?" na "Nini nikikiona nisiogope?"

Wapo ambao saratani yao itarudi kweli, na daftari hilohilo litawahudumia. Morfini ya maji huondoa maumivu ambayo hakuna kidonge cha kawaida kinachoyafikia, na mgonjwa anayefahamika tayari kwa jina huipata mapema kuliko anayefika akiwa amebebwa. Watu wa nyumba yake nao wanakuwa wameshamzoea muuguzi wa kumpigia simu.

Katika wilaya yenye daftari, kisa cha mama wa korosho huenda hivi. Muuguzi anafungua ukurasa, anaona mionzi ya nyonga na tarehe. Tabibu anamchunguza: hakuna uvimbe, mlango wa kizazi una kovu safi, miguu haijavimba. Damu yake ni gramu 9.8. Anapewa dawa ya kulainisha choo na vidonge vya madini ya chuma, simu inapigwa Dar es Salaam, na daktari wa huko anakubali asubiri. Mume anaitwa ndani, anaelezwa damu hiyo ni ya nini. Anauliza kama ni yeye aliyeisababisha, na anaambiwa hapana. Ukurasa unaandikwa: arudi baada ya wiki nne, siku ya Jumanne, aje na binti.